Mlango wa Kundi

Kwako kaka yangu wa pekee,

Pokea salamu zangu, uzipokee kwa mikono miwili maana zimetoka mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wetu, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinama kwenye mitambo ya barafu umepata nafuu. Mwambie wifi asikuonee huruma sana, akupake dawa kwa nguvu. Mimi huku ni mzima wa mwili. Ya moyo utayakuta mbele.

Najua bahasha imekushtua. Sisi ni watu wa simu, na pengine kabla hujaifungua ulishaanza kujiuliza nani katutoka. Hakuna aliyekufa, kaka. Lakini haya ninayokuandikia siwezi kuyasema kwenye simu. Ningeyakatiza katikati nikasingizia mtandao, unanijua. Ndani ya bahasha kuna fomu nyeupe, nimeitia alama ya penseli mahali pa saini yako. Tafadhali usiitie saini bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Nyumba ya mama ipo. Nimebadilisha bati la upande wa jikoni, na ule mlango wa nyuma ambao haufungi mpaka uuinue kwa goti, bado haufungi mpaka uuinue kwa goti. Nilipokuwa napanga kabati lake nimekuta madaftari yake ya mahudhurio, ya miaka yote aliyofundisha, yamefungwa kwa kamba ya viatu. Unakumbuka alivyokuwa akiita majina? Hata darasa lilipokuwa na watoto sabini aliita mmoja mmoja, na ole wako umwitikie mwenzako. Mkaguzi aliwahi kumshauri ahesabu vichwa kwa safu ili aokoe muda, naye akamjibu kwamba vichwa havina majina. Alitusimulia habari hiyo kila mara tulipokuwa na mgeni, na kila mara alicheka peke yake. Nimeyafuta vumbi nikayarudisha palepale.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe. Kila uliponiuliza kazi yangu hasa ni nini, nilikujibu kwa utani kwamba nabishana na kompyuta. Leo nitakueleza sawasawa, maana usipoielewa kazi hutalielewa kosa.

Ofisi ya makaburi ya manispaa ni chumba kimoja chenye madirisha mawili, kabati la chuma, na kaunta ya mbao iliyolika pale watu wanapoegemeza viwiko. Mwenye chumba ni karani mmoja mtu mzima tunayemwita Wino, kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata. Kwa miaka thelathini aliandika waliozikwa katika daftari kubwa kama meza. Sheria yake ilikuwa moja tu: kaburi moja, mtu mmoja. Kila alipoandika jina jipya alirudi nyuma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, kuhakikisha nambari ile haijachukuliwa. Manispaa ilipotaka rejesta iingie kwenye kompyuta, kazi nilipewa mimi na mwenzangu wa meza ya pili. Huyo tunamwita Breki, kwa sababu hakuna kitu kinachopita mbele yake bila kusimamishwa kwa swali.

Lugha ya kompyuta ninayoandikia huja na orodha iliyokwisha kutengenezwa. Orodha hiyo inajua mengi: kuongeza kitu, kukitoa, kuhesabu, kupanga kwa mfuatano. Lakini haijui kaburi ni nini. Ukiipa nambari moja mara kumi, itaipokea mara kumi na wala haitakuuliza. Mimi nilitaka orodha ya makaburi, yenye akili ya Wino ndani yake. Ningeweza kuijenga tangu msingi. Nikachagua njia ya mkato, ambayo sisi huiita kurithi: unaiambia kompyuta kwamba orodha yangu mpya ni mtoto wa ile orodha ya kawaida, imepata kila kitu cha mzazi wake, isipokuwa hapa na hapa ambapo nimebadilisha mwenyewe. Ni mistari michache tu, na mtoto anazaliwa anajua kutembea.

Nilibadilisha jambo moja, kuongeza. Kwa mzazi, kuongeza ni kupokea basi. Mtoto wangu alipopewa jina aliangalia kwanza nambari ya kaburi. Kama ilikuwa na mtu alikataa, akajaza skrini maandishi mekundu, na hakusogea mpaka mtu amalize shauri lile. Kama ilikuwa wazi alipokea, na chini akaandika neno moja: Amepokelewa. Neno hilo lilikuwa la Wino. Mimi nilikuwa nimeandika Imehifadhiwa, kama programu zote zinavyosema. Wino alikunja uso, akasema kinachohifadhiwa ni faili, mtu anapokelewa. Nikaona aibu nikabadilisha.

Breki alipoupitia msimbo wangu, yale maagizo niliyoiandikia kompyuta, aliuliza kama nimeikumbuka njia ya kundi. Mzazi alikuwa na njia nyingine ya kuingizia, unampa faili zima la majina naye analimimina ndani kwa mpigo mmoja. Mtoto wangu alikuwa ameirithi pamoja na mengine yote, na njia hiyo haikupita kwenye kuongeza kwangu hata kidogo. Breki alisema nimeweka mlinzi mlango wa mbele na wa jikoni nimeuacha wazi. Nilimjibu kwamba Wino huandika jina moja moja tangu azaliwe, hilo kundi atalitoa wapi. Akasema haya, lakini angalau liandike lisisahaulike. Nikaliandika ndani ya msimbo wenyewe: mlango wa kundi hauna mlinzi, ufungwe. Nikatia na tarehe. Kisha nikaletewa kazi nyingine, na nyingine juu yake. Mwaka mzima programu ilienda vizuri, na Wino alilifunga daftari lake kabatini akakata shauri kuiamini kompyuta kama alivyoamini kidole chake.

Halafu ukaja ugonjwa. Wewe uliyajua ya miezi ile kwa mbali, barabara zimefungwa, umekwama kwenye kile chumba cha mabati nyuma ya ghala. Mama alilazwa Jumatatu, na Alhamisi hakuwepo. Mazishi yalikuwa ya wafanyakazi peke yao. Wenye msiba tulisimama nje ya geti, mbalimbali, na mtu aliyevaa glavu akatupitishia kadi katikati ya nondo. Yangu iliandikwa 212. Nilirudi nyumbani na nambari ile mfukoni, nikaiweka juu ya mto wake.

Juma hilohilo Wino naye alikuwa kitandani, anaumwa, na karatasi za wachimbaji zilirundikana kwenye kaunta. Baadaye zilichukuliwa, na majina kumi na moja yaliingizwa kwenye rejesta kwa mpigo mmoja. Jina la mama lilikuwa humo.

Mwaka uliofuata geti lilifunguliwa na tukaweka jiwe. Ulitia saini ruhusa huko uliko, nami nikatia yangu, kwa kuwa sheria inataka saini ya kila mtoto. Tangu hapo, tarehe ile ikifika, na hata siku nyingine ukizidiwa, hunipigia ukaniomba niende. Naiweka simu juu ya jiwe, naongeza sauti, kisha naenda kukaa kwenye benchi la mbali nisikusikie. Siku moja upepo ulikuwa unavuma kuja upande wangu, nikakusikia ukimwomba mama msamaha kwa kutokuja kumzika. Ulilia, kaka. Sikuwahi kukuambia kwamba nilisikia. Baadaye uliniambia unashukuru kwamba angalau mmoja wetu alikuwa karibu naye akamtunzia mahali pake, na mimi nikaitikia ndiyo.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, wachimbaji walianza kuchimba kaburi 213. Rejesta ilisema pako wazi. Mkuu wao ni mzee anayeitwa Futi, kwa sababu hupima kila kitu kwa futi, hata safari ya kwenda kunywa chai. Walipofika kimo cha kiuno koleo liligonga ubao. Futi aliwasimamisha, akavua kofia, akashuka mwenyewe akarudisha udongo kwa mikono, hakutaka chuma kiguse tena. Aliyekuwa azikwe siku hiyo alitafutiwa mahali pengine, na Wino akanipigia simu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama orodha yetu inaweza kumsahau mtu.

Orodha haisahau. Nilihesabu watu, nikahesabu na nambari zilizojaa, watu wakazidi kwa mmoja. Nikaipanga orodha yote kwa nambari nikaanza kushuka nayo taratibu. Ndipo nilipowaona, mmoja juu ya mwingine. 212, mama yetu, mwalimu. 212, mwanamume, fundi mwashi. Breki alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuwa na swali.

Nilipomsomea Wino jina la yule mwashi alivuta kiti akakaa. Alimkumbuka mkewe. Miaka miwili iliyopita alikuja mjane mmoja na kadi ya 212, akasema amekuta jiwe la mwanamke juu ya mumewe. Wino aliitafuta nambari kwenye kompyuta. Nayo, ikishampata mtu wa kwanza mwenye nambari ile, haiendelei kutafuta, kwa hiyo ikamwonyesha mama. Jiwe nalo lilisema mama. Wino alimweleza yule mjane kwa upole kwamba kadi yake lazima ilikosewa katika vurugu za ugonjwa, na kwamba atatafuta. Alitafuta kweli, kaka, alitafuta kwenye kila nambari isipokuwa ile. Mjane hakugombana na mtu. Ila tangu siku hiyo huja kila mwezi akaingiza maua kwenye matundu ya wavu wa uzio, kwa sababu hakujua ayaweke wapi.

Wewe na mimi tumeyaona maua hayo. Mwaka jana nilipokuonyesha makaburi kwa simu uliniuliza ni ya nani yale yaliyoning'inia kwenye uzio. Nikakujibu, tena nikicheka, kwamba labda ni ya mtu aliyechoka kutembea mpaka ndani.

Futi ndiye aliyetufumbulia mambo. Siku zile za vifo vingi kulikuwa na vikosi viwili vya kuchimba, na nambari ziliandikwa kwenye karatasi asubuhi kabla ya kazi kuanza. Kwa makosa vikosi vyote viwili vilipangiwa 212. Kikosi cha Futi kilifika kwanza, kikamzika mwashi. Anamkumbuka kwa urefu, walilazimika kuongeza futi nzima upande wa miguu. Kikosi cha pili kilikuta pamejaa, kikasogea nafasi moja, kikamzika mama kwenye 213, na hakuna aliyekumbuka kufuta nambari kwenye karatasi. Tulikwenda wote na fimbo ya chuma, Futi akapima kwa kuuchoma udongo. 212 ni ndefu kwa futi nzima. Mkuu wa kikosi cha pili naye aliitwa, akasema vilevile, kila mmoja akiwa hajasikia la mwenzake. Hakuna shaka iliyobaki. Mama yuko kushoto kwa jiwe lake, hatua mbili za mtu mzima. Miaka yote hii hakuna aliyekanyaga pale kwa kumsalimu, na mimi mwenyewe nimepakanyaga mara nyingi nikienda kwenye benchi.

Na yale yote uliyomwambia mama, kaka, uliyasema juu ya kifua cha fundi mwashi.

Jiwe lazima lihamishwe, na haliguswi bila saini zetu wote wawili. Hiyo ndiyo fomu. Mkuu wa idara aliijaza mwenyewe, na penye sababu akapiga chapa maneno matatu: hitilafu ya mfumo. Alinieleza kwamba maneno hayo yanatosha, hayamuumizi mtu, na familia huwa haziulizi zaidi. Nami najua hata wewe usingeuliza. Ungesikitika, ungelaani mitambo kidogo kama unavyoyalaani mafriji yako, ungetia saini, na mwakani ungenipigia nikakuwekee simu juu ya jiwe. Ningeweza kuishi hivyo. Nilikaa na fomu ile siku nne nikijaribu.

Hapa kalamu imekuwa nzito. Juu kule nimeandika kwamba karatasi zilichukuliwa na majina yaliingizwa, kama vile yalijiingiza yenyewe. Niliyaingiza mimi. Wino anaumwa, nani mwingine angeijua programu? Mkuu aliniomba nisaidie, akasema kama siwezi, kwa hali ya msiba wangu, nimwachie Breki. Nilimwambia naweza. Zilikuwa karatasi kumi na moja, kazi ya nusu saa kwa mlango wa mbele. Ya juu kabisa ilikuwa ya mama.

Nilifungua programu yangu nayo ikaniuliza, kwa maneno niliyoitungia mwenyewe, jina kamili la marehemu. Vidole vilikataa. Nilijua kitakachofuata, maana nilikuwa nimekipanga mimi. Nitaandika jina, itaniuliza tarehe ya kufariki, nitajibu, itaniuliza nambari, nitajibu, kisha itaniandikia Amepokelewa. Na nikishalisoma neno lile, basi mama amekufa, hakuna tena kusema labda. Sikuweza. Nikaifunga. Nikafungua faili tupu, nikayaandika majina yote haraka haraka kama mtu anayenakili nambari za simu, mama nikamficha katikati, wa sita, mwashi wa tisa, na wote kumi na mmoja nikawapitisha kwa mlango wa kundi. Nilijua hauna mlinzi. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba hauna mlinzi, na tarehe juu. Siku hiyo niliupenda kwa sababu hiyohiyo. Hauulizi kitu na hausemi kitu. Skrini ilibaki nyeupe, nikavaa koti nikaondoka.

Ningewaingiza mmoja mmoja, mlango wa mbele ungekataa 212 ya pili. Skrini ingekuwa nyekundu. Ningeichukua karatasi ile nikaenda nayo kwa Futi siku hiyohiyo, udongo ukiwa bado mbichi na kila mchimbaji anakumbuka, na yule mwanamke asingetundika maua kwenye wavu. Mfumo haukuwa na hitilafu, kaka. Ulifanya kila nilichouambia. Mimi ndiye niliyemwogopa mama yetu akiwa jina, nikamvurumisha ndani pamoja na watu kumi, mama ambaye hakuwahi kuita mtoto wa mtu kwa kundi.

Nilikwenda kwa mjane kabla ya kukuandikia wewe. Nisamehe kwa kumtanguliza, niliona ndiye aliyesubiri zaidi. Anaishi chumba kimoja juu ya duka la kushonea viatu, na ukutani ameacha kamba ya timazi, aliyopimia mumewe unyoofu wa kuta, ikining'inia kwenye msumari. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, mpaka habari ya mlango na ya vidole kukataa. Alinisikiliza akiwa anakunja na kukunjua kitambaa. Nilipomaliza aliniambia hawezi kusema si kitu, kwa sababu ni kitu. Alisema kilichomuuma zaidi ya kuondokewa ni kufika mahali akaanza kujishuku mwenyewe, kwamba pengine ni kweli amemsahau mume wake alipo. Nilishika njia nikarudi kwa miguu, mwendo wa saa nzima.

Orodha nimeijenga upya. Breki alikaa nami tangu asubuhi, naye ndiye aliyenionyesha kwamba ipo orodha nyingine, iliyotengenezwa makusudi ili irithiwe. Humo milango yote, wa mtu mmoja, wa kundi, wa kuchomeka katikati, hupitia chumba kimoja kabla ya kuingia, nawe ukiweka mlinzi kwenye chumba hicho umelinda yote. Ilikuwepo tangu zamani. Ningeisoma kurasa mbili zaidi ningeiona. Tulijaribu kuingiza kundi lenye nambari mbili sawa, ikakataa, ikawa nyekundu mpaka Wino aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma.

Kisha niliwaomba wanipishe. Nikawafuta wote kumi na mmoja, nikaanza upya kwa mlango wa mbele. Niliwaandika kwa mfuatano wa karatasi zao, na kila mmoja nikamsubiri apokelewe ndipo niende kwa mwingine. Mwashi nikampa 212 yake. Mama nilimwacha wa mwisho, na sasa sikumwacha kwa kumkwepa. Iliniuliza jina lake kamili nikaliandika lote, na lile la katikati ambalo hakulipenda. Iliniuliza tarehe ya kufariki nikaiandika. Iliniuliza nambari nikaandika 213. Nikabonyeza. Amepokelewa, ikasema. Nililia pale mezani, miaka mitatu nyuma ya wakati, na Wino aliingia akaniwekea maji akatoka.

Sasa nirudi kwenye fomu. Utaona yale maneno matatu nimeyakata kwa mstari. Juu yake nimeandika kwa kalamu: kosa la mwandishi wa programu, binti wa marehemu. Mkuu hakufurahi, lakini ameipitisha. Saini yangu ipo chini yake. Yako inangojwa.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi hii. Saini yako isihesabiwe kuwa ni msamaha, nami sitaihesabu hivyo. Kama umekasirika, kaa na hasira yako kadiri inavyotaka, uniandikie baadaye au usiniandikie. Ila itie saini fomu, kaka, uirudishe hata leo. Wale wawili wasikae wakingoja mpaka mimi na wewe tupatane. Na siku ukipata nafasi ya kuja, njoo. Nitakupeleka mpaka geti, na hatua zile mbili utazihesabu mwenyewe.

Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja kwa majina yao. Wino anakusalimu, ingawa hamjuani, na Breki pia anauliza mafriji ya huko yanaharibika kwa nini. Na kuna salamu moja nimeachiwa jana tu. Yule mjane alikuja ofisini, akasimama kwenye kaunta, akaniuliza kama ni kweli kaka yangu alikuwa akizungumza na mumewe kwa simu. Nikamwambia ni kweli. Akasema mume wake alikuwa mtu wa kusikiliza, na siri ya mtu hakuwahi kuitoa. Amesema nikuambie kwamba siku utakapokuja kumwona mama, umpitie na huyo mumewe, maana mmekwishazoeana.

Ni mimi mdogo wako,
yule aliyeitwa Chiriku na mama